Gurudumu la Kulia

Jumapili meli ilibeba kofia na gramafoni,
mabwana wakienda kuitazama Idjwi kwa mbali.
Jumatatu, kabichi.

Baba, Birindwa, chini kwenye tanuri,
hakuwahi kuiona Idjwi. Aliisikia:
maji yakipungua kina
gurudumu la kulia lilikohoa.
"Linachechemea kama shangazi yako Nabintu,"
alisema, "lakini kufika, linafika."

Walipolikata pale bandarini Bukavu
wakaliuza kwa kilo,
aliomba mbao tatu za makasia.
Ndizo mlango wa jiko letu, Kadutu.
Unalia.

Mafuta yapo, kopo zima.
Baba ananizuia mkono:
"Acha kwanza. Tusikilize
tumefika wapi."