Dakika Moja ya Kimya

Wiki ya tatu Mwalimu Lamara alitutuma kimya.
"Dakika moja," alisema. "Chumba kimoja. Asiseme mtu."
Vazha akachekea puani. Yeye alikuja chuoni kuwa mwongozaji,
skafu shingoni hata darasani,
na kimya, alisema, hata kiziwi hukipata bure.

Mwalimu hakumjibu. Akawasha spika zake mbili kuukuu,
nje theluji ikiporomoka juu ya mabati,
akatuwekea vimya vitatu bila kusema ni vya wapi.
Cha kwanza: Ketino akanong'ona, kanisa.
Cha pili: lifti iliyokwama.
Cha tatu hakuna aliyekitaja,
ila Otia aliinuka, akachukua koti, akatoka,
na mlango akaurudisha polepole
kama mlango wa wodi.

"Mkikata neno la mwigizaji," Mwalimu aliendelea,
"pale lilipotoka pana shimo. Mtaliziba kwa nini?
Kwa kimya cha chumba kilekile. Si kingine.
Cha kuazima ni kama nguo ya kuazima:
mtazamaji hatajua kwa nini, lakini ataona matako."
Tukacheka. Yeye hakucheka.

Nikatia sahihi stoo: kinasa sauti namba saba,
maikrofoni yenye manyoya kama panya aliyenyeshewa,
hedifoni, sikio moja limefungwa plasta.
Nikashuka navyo ngazi ndefu za metro
nimevipakata kama mtoto wa watu.

Kwetu ni Gldani, ghorofa ya saba,
jiko letu linatazamana na jiko la jirani.
Nikatoa betri ya saa ya ukutani.
Nikakaza bomba hadi likalia.
Nikachomoa friji; ikatikisika mara mbili
kama mtu anayekata roho, kisha tii.
Nikangoja mbwa wa ghorofa ya chini achoke.
Baba nilimwambia akae sebuleni.
Nikabonyeza.

Hapo ndipo nilipojua: ukuta una pumzi.
Bomba la joto linanong'ona na bomba la joto la watu wa juu.
Kioo cha dirisha kinauhesabu upepo, kinakosea, kinaanza upya.
Sekunde ya arobaini na moja, mtu akameza mate.

Alikuwa amesimama mlangoni na soksi tu,
pumzi ameibana hadi mishipa ya shingo imemtoka,
mtu mzima wa kilo mia na kitu
anajitahidi kutokuwepo.
"Nilitaka tu kuona," alisema,
"unavyokifanya hicho kitu."

Ya pili nikamtoa ngazini, nikamfungia mlango.
Ikatoka safi.
Baadaye akaomba asikilize. Hedifoni zikambana kichwa.
"Mimi simo?"
"Humo, Baba."
Akasikiliza tena, toka mwanzo,
macho kwenye kiti cha dirishani,
kiti cha Mama, ambacho mwaka wa nne sasa tunakiwekea magazeti,
tangu aende Bari kumlea kikongwe wa watu
na kututumia, kila tarehe tano, pesa ya gesi na ada yangu.
Kikongwe huyo, alituambia, huimba usiku kucha.
"Mtumie," Baba akasema. "Huko kimya hapati."

Nikatuma. Sikueleza kitu. Faili bila jina.
Nikavivua vifaa plasta na waya,
nikawaza alama, nikamwaza Otia:
ni wapi atakwenda kurekodi chake,
na kama atathubutu kukisikiliza.
Baba akajilaza kwenye kochi, viatu vya ngazini bado miguuni.

Jibu likaingia saa nne usiku.
Si pole, si asante, si nimewakumbuka.
"Nani amezima friji? Mna nyama humo."

Tukatazamana.
Maji yalikuwa yameshafika kwenye miguu ya kiti.