Mguu wa Ishirini na Nne

Kitu chenyewe kidogo, tandu mweusi wa plastiki,
miguu ishirini huku, ishirini kule,
mgongoni maandishi yaliyofifia.
Shaame alimng'oa kwenye mashine ya hesabu
ya kituo cha karafuu, hapa hapa Wete,
siku walipoiuza kwa kilo, chuma chakavu.
"Huyu hajafa," akasema, "kanyamaza tu."
Akamlaza kwenye kopo la maziwa, juu ya mchele,
unyevu usimfikie.
Miaka kumi na tisa tukala mchele mwingine.

Alipostaafu akamtoa.
Akanunua ubao wa matundu, waya za rangi,
swichi nane, taa nane nyekundu,
akaanza kumjengea nyumba.
Akafa Jumatatu, nyumba haijaezekwa.

Nikaingia eda.
Miezi minne ya mwandamo na siku kumi,
bila wanja, bila udi, bila hina,
chumba kimoja, dirisha la kuelekea ua wa jirani,
na chini ya kitanda, ndani ya sinia,
ule ubao.

Wifi yangu Bikombo akasimama mlangoni.
"Huo moshi wa lehemu, wifi, si manukato huo?"
Nikamwambia aunuse vizuri.
Akanusa, akakohoa, akaenda zake.

Khatibu, mtoto wa dada, ndiye miguu yangu.
Fuwele ya mapigo aliiagiza Darajani,
ikavuka bahari ndani ya bahasha ya dawa.
Umeme ukikatika
ananifungulia betri ya pikipiki yake
na kesho yake anaisukuma hadi kazini.

Daftari la Shaame lina kila mguu na jina lake,
kwa mwandiko ule wa kulalia kushoto:
*Sita, mapigo. Kumi na moja, volti tano.*
*Kumi na nane, Simama. Ishirini na sita, Anza Upya.*
*Ishirini na tisa, ardhi.*
Mstari mmoja umemezwa na doa la samli.
Yeye na mkate wake wa kumimina!

Lugha ya tandu ina maneno mawili, kuna na hakuna.
Haikunitisha. Nimefundisha hesabu darasa la tano,
watoto wa watu nimewaonesha
namna ya kubeba moja.
Nikamwandikia kazi nyepesi, swichi juu, swichi chini:
hesabu, polepole, nione.

Nikawasha. Kimya.
Taa nane zikanitazama
kama darasa lisilojua jibu.
Nikalehemu upya. Kimya.
Nikabadilisha fuwele. Kimya.
Usiku wa tisini na kitu nikamwambia Shaame, kwa sauti,
"Amekufa huyu. Ulinidanganya."

Kisha nikaliinua lile daftari mbele ya balbu.
Samli hufanya karatasi kuwa kioo.
Kwa nyuma, herufi zimegeuka, nikasoma:
*Ishirini na nne, Ngoja.*
*Akigusishwa ardhi atangoja mpaka Kiyama.*

Nikaufuata mguu huo kwa ncha ya sindano.
Waya wa kijani, umelehemiwa kwa mkono wake mwenyewe,
kutoka ishirini na nne
mpaka ardhini.

Labda alikuwa akijaribu jambo.
Labda usingizi.
Sitomuuliza.
Nikaupasha moto. Risasi ikalainika, ikang'aa,
ikaachia.

Asubuhi ya kutoka eda
Bikombo yuko nje na ndoo ya maji na gauni la zambarau.
"Toka, wifi, siku zimetimia."
"Ngoja," nikasema.

Mia na ishirini na tano.
Mia na ishirini na sita.
Mia na ishirini na saba: taa saba zinawaka pamoja,
ya nane, ya kushoto kabisa, kiza,
haijawahi kuwaka tangu niifunge.

Halafu zote saba zikazima kwa mara moja,
tandu akabeba moja,
na ile ya kushoto ikawaka
peke yake.