Kinyago Namba Mbili

Severo Quispaya hutengeneza mashetani:
pembe za bati, macho ya balbu zilizoungua,
meno ya vioo vilivyovunjika.
Kila Februari wanaume wa Oruro huzivaa nyuso hizo
na kucheza mpaka jasho liwafunge macho.
Leo ameketi kwenye benchi la korido,
gundi kavu ikiwa bado kwenye kucha,
na mwanawe Yerko, miaka minne, kilo kumi na sita,
ameingia kwetu na ngiri yake
na swali moja:
kinyago chenu kina pembe?

Hakina.
Nilimwonyesha: silikoni, laini kama ndewe,
bakuli dogo lenye mkia wa mpira.
Mbona hakina macho?
Sikumjibu. Kinakokwenda hakuna cha kutazama.

Huku juu, mita elfu tatu na mia saba,
hewa hupimwa kwa mkono wa mchoyo.
Mtoto akikosa pumzi huzama upesi,
ndoo iliyokatika kamba kisimani.

Gesi ilinukia pipi. Akahesabu:
moja, mbili, nne.
Tatu aliiruka, wala hakuirudia.

Daktari Zulema alinifundisha njia ya zamani:
kidole cha shahada mgongoni mwa kinyago,
kibane kwenye kaakaa,
kifuatishe juu kwa juu kama fundi apigaye dari lipu
hadi kikatae kwenda.
Kwa mtu mzima, sawa.
Lakini mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa.
Ulimi wake ni mpangaji aliyejaza chumba,
mafindofindo yamesimama mlangoni, mabawabu wawili,
na kile kifuniko cha koromeo, teketeke,
ukikisukuma hukunjika
kikaziba njia ileile uliyokuja kuifungua.

Nilikisukuma.

Nikabonyeza mfuko: kifua kimya,
hewa ikavuja kando ya midomo, fsss,
na mashine ikaanza kushusha sauti yake,
themanini na nane,
themanini na nne.
Nesi Herminia hakusema neno.
Alisogeza tu barakoa ya uso karibu na mkono wangu.
Nikakitoa. Nikampa oksijeni.
Tisini na tano. Tisini na nane.
Tukapumua, wote watatu.

Shangazi yangu kule Challapata
ana mlango wenye kufuli la kutu.
Wageni husukuma ufunguo na kulitukana.
Yeye huutia kiubavu, husikiliza,
kisha huuzungusha.

Nikapaka jeli upya. Nikakitia hewa nusu tu.
Herminia akaliinua taya kwa vidole vya mtu aliyelea sita.
Safari hii kiliingia kiubavu,
kikateleza kando ya ulimi bila kuubughudhi,
na kule nyuma, penye kona ambayo jicho halifiki,
nikakizungusha robo ya duara.

Kikakaa.
Sijui nikueleze vipi. Mkono uliambiwa
kabla yangu.

Mfuko ukabonyea. Kifua kikapanda, pande zote mbili.
Kwenye skrini mstari ukachora kilima bapa,
kisha kilima bapa,
kama nchi yetu uionavyo dirishani mwa basi la usiku mbalamwezi ikiwaka.
Daktari wa upasuaji akauliza kama anaweza kuanza,
kwa sauti ya mtu anayewahi chakula cha mchana.

Baadaye, nilipokitoa, nilikigeuza kwenye taa:
mate, jeli, hakuna damu.

Severo alisimama aliponiona.
Hakuuliza kuhusu ngiri.
Kilimtosha? akasema, fundi kwa fundi.
Ningeweza kusema ndiyo, ikaishia hapo.
Mara ya pili, nikamwambia.
Akanitazama mikono kwa muda, si uso.
Mimi pia, akasema, hupata kipimo kwa kukosea kwanza.

Halafu akaketi tena, polepole.

Ila mimi nakosea kwenye bati.