Madawati Kumi na Mawili

Bi Faiza alikuja karakanani na karatasi iliyokunjwa mara nne:
madawati kumi na mawili, mwarobaini au mwembe, vyovyote,
ubao mmoja wa ukutani,
na geti la bati lisilopitisha jicho.
"Ni shule," akasema. "Kule Muyeye." Akasita.
"Ya wale watoto."
Nikauliza wale wepi, na hali najua.

Pembeni, chini ya gunia, lilikuwapo la kumi na tatu.
Mwalimu Nzai alilituma kwa mkokoteni nilipige randa.
Herufi tano, zimechimbwa kwa ncha ya bikari:
SHOGA.
Mwandiko mzuri, niseme haki.
Aliyechimba ana mkono wa ufundi.
Dawati ni la Twaha.
Twaha ni wangu.

Asubuhi ile ile mamake aliita juu ya ua,
"Shoga! Shoga Dhahabu! Niazime nazi,"
na Dhahabu akaitika, "Abee, shoga yangu,"
neno limejaa tui.
Nikasimama na randa mkononi nikijiuliza
ni wapi, baina ya ua wetu na uwanja wa shule,
lilipochacha.

Nikaanza kupima. Fundi hufikiri kwa futi.
Kumi na wawili: nani aliwahesabu?
Na yule ambaye hajauambia hata mto wake,
atakaa wapi?
Na geti lile lisilopitisha jicho,
si ndilo kila mwenye bodaboda atakalolinyoshea kidole,
"Ni hapo"?
Na darasani kwa Nzai, Twaha akishaondoka,
mwenye bikari atajifunza nini
ila kwamba bikari inafanya kazi?
Mbao mbili zikikataana sizitupi huku na huku.
Natia gundi, nakaza jiliwa,
nangoja usiku kucha.

Nikamwambia Twaha hayo yote, tukila muhogo.
Alinisikiliza mpaka mwisho. Ana adabu, huyu.
Kisha akasema, "Baba, ni maneno mazuri.
Jumatatu yapeleke. Yakalie dawati langu
tangu saa mbili hadi saa kumi.
Mapumziko yajifiche chooni,
mlango wa tatu ndio wenye komeo.
Yakirudi na shati halina mate,
nitabaki."

Mamake aliinuka kwenda kutazama chungu
ambacho hakikuwa motoni.

"Basi utakwenda Muyeye?"
"Sijui. Lali atabaki huku.
Mwalimu wa hesabu, yule anayerudia mara tatu bila kununa,
yuko huku.
Naitaka shule hii hii, baba.
Nataka niisome kama anavyoisoma Lali,
bila kuhesabu milango."

Juma zima nilipiga msasa.
Kumi na mawili yako tayari, yamekauka vanishi,
wala sijui nimetenda wema au nimejenga kizimba.
Nikiyatazama usiku, yanafanana na mahali pa kupumua.
Nikiyatazama mchana, yanafanana na orodha.
Geti nimekataa. Nimemwambia Bi Faiza
atafute wa chuma, mimi ni wa mbao,
akanitazama kama mtu aliyewahi kuambiwa hivyo,
akalipa nusu, akasema,
"Wako watatu ambao hawasomi tena popote, fundi.
Wewe fikiri. Mimi nawahi."
Hilo nalo limenikaa kama kibanzi kidoleni.

Jumatatu nililisukuma mwenyewe la kumi na tatu,
limepigwa randa, jeupe kama jino.
Nikaliweka mstari wa mbele. Twaha akakaa.
Nami sikuondoka.
"Fundi," akauliza Nzai, "umesahau nini?"
"Mguu mmoja haujakaa sawa," nikasema.
"Nitauangalia. Mpaka saa kumi."

Nikachuchumaa pale na futi yangu,
na penseli nyuma ya sikio,
nikiitazama mikono ya darasa zima ikifungua madaftari,
nikiutafuta ule wa ufundi.