Kwata ya Jumatano

Mlangoni ndipo miguu inapokataa.
Si ngazi, si mteremko wa Ediofe.
Ni kizingiti, ubao mmoja mwembamba,
na baba anasimama mbele yake
kama mtu aliyeambiwa mto umefurika.

Vidole vya kulia vinahesabu noti ambazo hazipo.
Jina langu amelitafuta tangu Pasaka.
Leo asubuhi niliitwa Bako, dada yake,
aliyezikwa Terego kabla sijazaliwa.
Niliitika.

Ukumbini, Mwalimu Driciru amebandika utepe mwekundu sakafuni,
mistari, ngazi iliyolazwa chali.
"Msiikanyage. Ivukeni," anasema kwa Kilugbara,
na kijana wake anagusa nyuzi za adungu.
Ezati, aliyekuwa fundi saa, anavuka.
Mama Letasi anavuka akicheka,
kiatu kimoja kimebaki nyuma.
Baba bado yuko mlangoni.
Adungu inamwita, hamjui.

Ndipo ninapoikumbuka lugha
ambayo mama aliipiga marufuku kwetu.
Kiswahili, alisema, ni cha wanaogonga mlango usiku.
Basi baba akaivua pamoja na buti,
akaiweka chini ya kitanda;
ila alfajiri, akinyoa ndevu,
nilimsikia akijiamrisha kwa sauti ya chini,
wembe ukipanda, wembe ukishuka.

Ninasimama kando yake. Mabega nyuma.
Sauti inayotoka siijui:
"Sajini Ondoma! Mbele, tembea!
Kushoto! Kulia! Kushoto!"

Kisigino kinang'oka.
Kizingiti kimepita, hata hakukitazama.
Mstari wa kwanza, wa tatu, wa saba,
na mkono ule unaomwaga chai kila siku
unapanda hadi kwenye paji la uso
na kutulia hapo,
pumzi mbili, labda tatu.

Ukutani amri zinaisha. Akigeuka ghafla huanguka.
Tunamzungusha mimi na Driciru, taratibu,
kama lori katika uwanja mdogo.

"Afande," ananinong'oneza, "nani kakufundisha kwata?"
"Baba yangu."
"Alikuwa mkali?"

Ninafikiri. Adungu imenyamaza,
Ezati ameinama anatafuta kiatu cha Letasi.

"Miguu yake ilikuwa myepesi," nasema.
Anatikisa kichwa, ameridhika,
kama anayemfahamu mtu huyo kwa mbali.
Kisha tunajipanga tena.