Bangili ya Kumi na Mbili

Kanchanben alivaa sari kwa mtindo wa kwao,
ncha ikizunguka nyuma, ikashuka bega la kulia,
ikatandazwa kifuani kama mkeka wa mgeni.
Nikiwa na miaka saba, dirishani kwetu Wete,
nilihesabu mikunjo: mitano, sita, saba,
vidole vikienda bila kuangaliwa,
kama vya mama akisuka ukili huku anasema na watu.

Mstari mwekundu katikati ya nywele. Tone kwenye paji.
Kipini puani kama cha bibi yangu,
ndiyo maana bibi alimwita somo.
Na bangili za kioo, rangi ya komamanga,
sita mkono huu, sita ule.
Akikoroga dengu, mtaa unajua.
Zikinyamaza, tunajua kalala.

Mwaka wa karafuu nyingi walikufa wawili:
baba yangu, Mfungo Tano,
na siku tisa baadaye Vallabh,
dukani, kichwa juu ya mizani.

Mama aliingia eda.
Akavua dhahabu, akaacha wanja, akaacha udi.
Miezi minne na siku kumi,
kila siku mkwaruzo wa mkaa ukutani.
Ng'ambo ya uchochoro Kanchanben naye kavaa nyeupe.

Nilikuwapo siku ya jiwe.
Wajane watatu kutoka Chake walimketisha kizingitini,
wakafuta wekundu kwa kitambaa cha maji,
wakamgongesha mikono.
Kioo hakilii nilivyodhani. Kinakohoa.
Moja iliteleza, ikabingirika hadi mguuni pangu.
Nikaificha ndani ya droo ya cherehani,
chini ya bobini.

Eda ya mama ilipokwisha
nyumba ilinukia udi hadi darini.
Hina, doti mpya, kikuba cha asumini na rehani.
Akafika mlangoni, haya zikamshika.
"Yako inakwisha lini, shoga?"
"Yangu haina ukuta wa kuandikia."
Mama akarudi ndani.
Jioni kikuba kilikuwa kizingiti cha pili,
juu ya jani la mgomba.
Siku tatu Kanchanben alikiruka akipita.
Ya nne, jani lilikuwa tupu.

Nilikiri nikiwa na miaka thelathini.
Alikuwa anahamia Unguja kwa mwanawe,
anakunja sari ndani ya magazeti ya zamani.
Nikamwekea kiganjani.
Akacheka hadi akashika mbavu.
"Mtoto we! Nilisikia kumi na moja.
Ulidhani mtu hajui hesabu
ya vinavyovunjwa mkononi mwake?"
Akajaribu kunivisha. Mfupa wa gumba ukakataa.
Tukapaka sabuni. Ukakataa.
"Basi kaa nayo," akasema, "ilishakuchagua,"
akaendelea kukunja.

Iko droo ile ile.
Bangili moja hailii, haina wa kugongana naye.
Ila nikishona kwa haraka, meza ikitetemeka,
hujigonga kwenye mkasi,
nami huacha kukanyaga,
hufungua,
hutazama kama bado ni duara.