Nukta ya Tatu

Nimekuandikia miaka kumi na tisa, Gerlof Wagenvoort,
kwa penseli, maana wino hauvumilii mvua ya Deventer.
Kila mpira usiozaa kitu ni nukta.
Nina nukta zako elfu kadhaa kabatini,
zimelala kurasa kwa kurasa kama ufuta uliomwagika.

Mwanzoni hatukuwa na kiwanja, tulikuwa na mkeka.
Mkeka wa makumbi ya nazi
katika nchi isiyoota mnazi hata mmoja.
Jumamosi tuliukunjua juu ya nyasi za watu wa kandanda,
wewe na nyundo, mimi na kopo la misumari,
na wapita njia wakiuliza juu ya baiskeli zao:
mpira gani huo unaosimama watu wanywe chai?
Hapo ulijifunza kuuzungusha,
vidole viwili, kifundo cha mkono,
na subira ya fundi wa mabomba.
Ulikuwa fundi wa mabomba.

Kofia ya taifa ulikabidhiwa kwenye maegesho ya magari.
Ilikupwaya hadi masikioni;
mama yako akaishonea sponji kwa ndani.
Likizo zako zote zikaliwa na Windhoek, Kathmandu, Toronto,
mechi za kugombea haki ya kugombea.
Ulirudi na mchanga wa jangwani viatuni
na Aleid akihesabu siku zilizobaki za kwenda naye popote:
sifuri. Hiyo pia niliiona, ila si ya daftari langu.

Basi mwaka ule tukafuzu.
Jina la yule mpigaji silitaji,
lipo kwao kwenye mabango ya benki na sabuni,
halina haja na penseli yangu.
Mpira wa kwanza, nukta.
Wa pili, nukta.
Wa tatu ulielea, ukasita, ukazama,
ukalamba ukingo wa gongo
ukamwendea Ruurd mikononi,
Ruurd ambaye sijawahi kumwona akiangusha hata kikombe.

Watu elfu arobaini walivuta pumzi.
Kisha wakaitoa.

Nikaandika nukta.
Ndiyo sheria ya daftari: daka lililoponyoka halina alama.
Bwana yule alikuwa na mikimbio minne.
Alitoka na mia moja thelathini na mmoja.
Usiku Ruurd hakushuka kula; ulimpelekea mkate,
mkakaa kitandani mkitazama pengwini kwenye televisheni
bila sauti.
Gazeti la nyumbani lilikupa mistari mitatu
chini ya bei ya nguruwe, na jina wakalikosea.

Halafu wakubwa wakaketi, wakaona karamu imejaa mno,
wakapunguza viti.
Asiyekuwepo na lake halipo.
Tuliambiwa tungoje miaka minne.
Goti lako halikuhudhuria kikao hicho, halikungoja.

Mechi ya mwisho, Amstelveen, dhidi ya Waskoti.
Ova yako ya pili, mipira mitatu,
waamuzi wakatazama juu, wakatazamana.
Nikaandika: mvua.
Visanduku vitatu vilivyobaki sijavigusa.

Mwezi uliopita ulikuja kutengeneza bomba langu la joto.
Uliomba daftari la mwaka ule kabla hujavua koti.
Kidole chenye grisi kikashuka safu kwa safu, kikakoma.
"Hii ni kubwa kuliko zingine," ulisema.
Nikakujibu penseli ilikuwa butu.

Sikuwahi kuandika kwa penseli butu, Gerlof.
Niliikandamiza hadi karatasi ikatoboka;
geuza ukurasa, utaikuta upande wa pili,
katikati ya ova ya mtu mwingine.
Lakini hukugeuza. Ulirudi chini ya sinki,
ukaniomba nikushikie tochi,
na ulipomaliza ukakataa pesa.
Nilikupa mayai sita.
Ulisahau mawili.